PrEP ipo kwenye matangazo, sisi wa mialoni tunaambulia kulipa nauli tu!

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na mwingine, nimeuandika kwa uchungu.

Nachuuza dagaa kwenye mwalo mmoja, kisiwani huku Ziwa Victoria. Wiki iliyopita nimepanda mtumbwi mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja kwenda kituo cha afya kufuata PrEP, vidonge vya kujikinga na VVU. Safari ya kwanza mhusika yuko semina. Ya pili vimeisha. Ya tatu vipo, kopo naliona mezani kwa macho yangu, halafu dada wa dirishani ananiuliza foleni nzima ikisikia: "Una mume, hivi vidonge vya wanaojiuza unavitakia nini?" Mama aliyekuwa mbele yangu amebeba mtoto akageuka kunitazama. Nikaondoka.

Wanaojiuza! Aje asimame mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi. Tunaingia majini mpaka magotini na ndoo zetu, na dagaa hawatoshi. Anayejaza kwanza ni yule mwenye mtu wake mtumbwini. Na huyo mtu giza hili, yaani siku hizi zisizo na mbalamwezi, yuko hapa, giza lijalo yuko kambi nyingine, na huko nako ana mtu. Mume wangu ni mvuvi. Nikitaja kondomu ni ugomvi, eti simwamini. Kidonge nameza mwenyewe, simwombi mtu ruhusa. Ndiyo maana nakitaka.

Na dawa yenyewe si ngeni. Marekani iliidhinisha 2012. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likasema apewe kila aliye kwenye hatari kubwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mke wa mtu hana hatari!

Mwanzoni mwa 2025 tukaongezewa balaa jingine. Marekani ikasimamisha misaada, na ilipolegeza kidogo mwezi wa pili, fedha zake za PrEP zikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Yaani nibebe mimba kwanza ndipo nikingwe. Wengi wanamlaumu Trump. Mimi nawauliza viongozi wetu: miaka yote hiyo kinga yetu iliachwaje ining'inie kwenye saini ya mtu wa Washington?

Sasa kuna sindano, lenacapavir, unachomwa mara mbili tu kwa mwaka. Waliifanyia utafiti Afrika Kusini na Uganda, ng'ambo ya maji haya haya tunayovua. Wanawake 2,134 walichomwa, na matokeo ya 2024 yakaonyesha hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Hata mmoja! Kuanzia 2027 ya bei nafuu inatarajiwa kuuzwa dola 40 kwa mwaka. Kwa mwanamke wa kambini hiyo ni salama ya kweli, hakuna kopo la kuficha chini ya godoro, hakuna kidonge kinachosahaulika siku ya mzigo. Lakini ikija ikafungiwa dirisha lile lile la Jumatano asubuhi tu, tutaisikia redioni.

Maana asubuhi ndiyo muda wa kuanika. Nikiacha dagaa mchangani nikaenda kukaa foleni, mvua ikinyesha mtaji wote umeoza. Nani atanilipa?

Mbona jibu liko wazi? Dagaa wanavuliwa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi imelala, wanaume wako kambini wanashona nyavu, wanawake tuna nafasi. Njooni wakati huo. Tupimeni hapa hapa, anayestahili mpeni makopo ya miezi mitatu kwa mkupuo, mkirudi mbalamwezi ya mwezi wa tatu mnatupima tena. Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe wa hapa kambini, anayejua kufunga mdomo.

Kama humu kuna mtu wa idara ya afya, anijibu ni kwa nini hilo halifanyiki. Na nyie wa visiwa vingine, kwenu wanatoa? Mnaulizwa nini dirishani?