Mkopo wa halmashauri na boti za petroli Kigoma: tununue sasa au tusubiri bei?

MwishoWaReli
Mwakeye wadau. Kuna kikundi cha vijana upande wa Katonga kinataka kuomba ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri (unatoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, hauna riba, ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudi 2024). Lengo ni boti ya faiba ya mita 9 na Yamaha 40 mpya ya kuvuta kipe (mitumbwi ya wavu wa dagaa). Wapo wanaosema hela ya umma isiwekwe kwenye kitu kinachokunywa petroli wakati bei ya kesho haijulikani. 2022 lita ilivuka 3,000 Dar, na kufika huku inabeba na nauli. Wengine wanasema kusubiri bei itulie ni kusubiri ziwa likauke. Mnasemaje?

Fundi_Kibirizi
Mnaogopa bei, ogopeni HP, yaani nguvu ya mashine. Arobaini ya kuchanganya oili na petroli ukiifungua mwisho inakula lita 18 hadi 20 kwa saa. Kumi na tano inakula kama 5 ukienda nayo robo tatu. Kipe kikiwa saa mbili kwenda na mbili kurudi, 15 inatumia lita 20 kwa usiku. Arobaini itafika kwa nusu ya muda lakini inamaliza 36. Usiku wa giza wa kufanya kazi weka 18 kwa mwezi: lita 360 dhidi ya 648. Bei ikipanda shilingi 500, mwenye 15 anaongeza 180,000 kwa mwezi, mwenye 40 anaongeza 324,000. Dagaa hawakimbii, haraka ya nini?

Mnyamwezi_Tbr
Fundi umepiga hesabu nzuri ila umesahau jambo moja. Wavuvi wenyewe wanatia mafuta ya taa kwenye petroli, mashine inakufa ndani ya mwaka, halafu lawama kwa EWURA wanaopanga bei kikomo ya mafuta. Hata wakipewa ya bure mkopo hautarudi.

Mgebuka_Mbichi
Wewe wa Tabora rudi kwenye mizinga yako ya nyuki. Mafuta ya taa yalikuwa na faida zamani. Tangu 2011 ushuru wake ulipandishwa ili kukomesha uchakachuaji, tofauti ya bei ni ndogo mno. Nani atachanganya kwa faida gani? Unaongelea wavuvi wa miaka ya karabai.

Mnyamwezi_Tbr
Mzinga uko juu ya mti, hauzami, mtani, na haudaiwi na halmashauri. Nimesema kinachoonekana.

BintiUjiji
Mgebuka, wapo wanaochanganya mpaka leo, tusifichane. Kituoni bei ina kikomo, lakini kwenye mialo (wanakoshushia samaki) ya mbali kusini mafuta yanauzwa kwa dumu, na dumu hilo limepita mikono mingapi? Mvuvi hachakachui, anauziwa yaliyochakachuliwa. EWURA wanapima vinasaba (alama inayotiwa kwenye mafuta halali) kituoni, kwenye dumu hawafiki.

Fundi_Kibirizi
Tuwekane sawa hapa. Mafuta ya taa kwenye mashine ya petroli yanawaka kabla ya wakati wake, pistoni inatoboka juu au ringi zinang'ang'ania. Dalili ni mlio wa kugonga ukibeba mzigo, na moshi mzito. Zipo Yamaha za mafuta ya taa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zina mgandamizo mdogo, zinawashwa kwa petroli, na kabla ya kuzima unarudisha petroli ili kabureta isibaki na taa. Hiyo si sawa na kumwagia taa kwenye tangi la mashine ya kawaida.
Na wanaozidisha oili "kuilinda" mashine wanaiua pia. Kipimo ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20. Mpya, saa 10 za mwanzo, 25 kwa 1. Ukizidisha baada ya hapo plagi zinajaa masizi, unavuta kamba mpaka bega linachomoka.

Mgebuka_Mbichi
Kwa hiyo umekubali kuwa kosa si la wavuvi.

Fundi_Kibirizi
Sijakubali wala kukataa. Nimesema uwiano.

Mzee_wa_Kalafati
Vijana, mnagombana juu ya tangi wakati mafuta yanaliwa chini ya boti. Boti ya mbao isiyopigwa kalafati (kuzibwa viungo kwa pamba) vizuri inakunywa maji, ikilala na maji tumboni inakuwa nzito, na mashine inasukuma maji badala ya samaki. Ubao wenye ukoge chini unaongeza matumizi pia. Ipandisheni mchangani siku za mbalamwezi, sugueni, angalieni pamba kwenye viungo. Faiba ni nyepesi, hapo vijana wa Katonga wana akili. Lakini faiba ikipasuka kwenye mawe inataka fundi wake na gundi yake. Mbao fundi yuko kila mwalo.

dizeli_tu
Kwa nini hakuna anayetaja dizeli? Mashine ya Kichina ya silinda moja, HP 12, inakula kama lita 2.5 kwa saa. Safari ileile, hata ukichelewa ikawa saa nne na nusu, ni lita 11. Mwezi 200 hivi.

Mzee_wa_Kalafati
Kwa sababu huwezi kuinua panga boi, ile feni inayosukuma boti, mwanangu. Mwalo mwingi hauna gati, boti inavutwa mchangani, na shafti ya dizeli iko chini ya tumbo. Jiwe moja tu shafti imepinda. Halafu pale shafti inapotoka kwenye boti kuna kamba yenye grisi: ukiikaza sana inawaka moto na kuila shafti, ukiilegeza maji yanaingia. Inatakiwa idondoshe matone machache. Nani wa kuangalia usiku? Dizeli iende kwenye boti za mizigo.

MwishoWaReli
Na mashine isiyochanganya oili na petroli? Inasemekana inaokoa theluthi.

Fundi_Kibirizi
Inaokoa, lakini bei yake juu, na ya 40 inazidi uzito wa ile ya kuchanganya kwa kilo 20 na ushee. Kila asubuhi mashine inatolewa botini kupelekwa ndani, wezi wapo. Watu wawili wanabeba ya kuchanganya wakinung'unika, hiyo nyingine itafutie wa tatu. Halafu oili yake isipobadilishwa kila saa 100, ule uokoaji unaishia kwa fundi.

BintiUjiji
Na marejesho? 2024 ziwa lilifungwa kwa dagaa na migebuka tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu boti iko mchangani, haili petroli hata tone, na mkopo unadaiwa. Mkataba uandike muda wa kusitisha marejesho ziwa likifungwa. Hapo ndipo wadau mngebana, badala ya kubishana petroli.

Mnyamwezi_Tbr
Bi Ujiji umenena. Ila bado nasema kuhusu mafuta ya taa.

Mgebuka_Mbichi
Huyu mtu hachoki! Lete picha ya pistoni iliyotoboka, utaje na mwalo, au unyamaze.

Mnyamwezi_Tbr
Picha ya nini? Fundi kashaeleza mlio wa kugonga, nenda kausikilize mwenyewe.