Wenzangu wa bwenini Konya: ni dharau au ni desturi zao?

Swali, kutoka kwa Binti wa Tanga

Ndugu zangu mliowahi kusoma ughaibuni, naomba ushauri wenu. Nipo Konya kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki na, kama wengi mnavyojua, mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kituruki mpaka mtu afikie kiwango cha C1 ndipo aanze masomo ya fani yake. Darasani tupo na Wayemeni, Wasomali na Wabosnia, na bwenini ninalala chumba kimoja na Mkazaki, Mwindonesia na Mturuki. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mgeni hujaziwa kikombe na sahani, na mtoto hapiti mbele ya mkubwa bila shikamoo, kwa hiyo baadhi ya mambo ya huku yananichanganya. Mkazaki wetu huandaa chai nzuri ya maziwa, lakini akinimiminia hunipa nusu kikombe, pengine hata chini ya hapo. Mama wa dukani nikimuuliza kama ana tangawizi mbichi hatamki neno, bali huinua nyusi na kunisonya. Mwindonesia naye hukubali kila ninalomuomba, kisha halifanyi. Nauliza bila chuki, kwa sababu nitaishi na watu hawa kwa miaka kadhaa na nataka kuishi nao vizuri: huu ni ubahili na dharau, au kuna jambo nisilolijua?

Jibu, kutoka kwa Mhitimu wa Ankara

Mdogo wangu, nianze na chai. Kwa Wakazaki, kikombe kilichojazwa pomoni ndicho chenye ujumbe mbaya, kwani humwashiria mgeni kwamba akimaliza hicho anaweza kuaga. Chai yao humiminwa kidogo kidogo katika kibakuli kisicho na mshikio, ili inywewe ingali moto na kibakuli kirudi kwa mwenye kumimina mara nyingi iwezekanavyo, na kila kinaporudi mazungumzo nayo huongezeka. Mwenzako anapokupa nusu anakwambia ukae, na ungemrudishia kibakuli mara ya pili na ya tatu ungeona uso wake unavyofurahi. Waturuki wana utaratibu tofauti: wao huendelea kukujazia kile kigilasi chembamba kiunoni mpaka uweke kijiko chako kwa kukilaza juu ya mdomo wa gilasi, ndipo waelewe kwamba umetosheka.

Kuhusu yule mama wa dukani, sikiliza tena kwa makini. Msonyo wetu ni wa kuvuta hewa kwa meno na mdomo, tena mrefu, na kwetu ni tusi kweli. Wa kwake ni mdundo mmoja mfupi wa ulimi, huku kichwa kikirudi nyuma kidogo na nyusi zikipanda, na maana yake ni kwamba bidhaa hiyo haipo, basi. Utaukuta pia Ugiriki, Lebanon na Syria. Mbele ya mtu mzima Waturuki wenyewe huona ni adabu zaidi kutamka jibu, lakini dukani hakuna anayeudhika.

Jibu, kutoka kwa Dada wa Yogyakarta

Nilisoma Indonesia, kwa hiyo naomba nimjibie huyo wa tatu. Kwanza muulize ametoka kisiwa gani na ni wa kabila gani, kwa sababu nchi ile ina visiwa zaidi ya 17,000 na watu wake hawafanani hata kidogo. Mbatak wa Sumatra Kaskazini husifika kwa kusema waziwazi, hata kwa sauti ya juu. Ikiwa mwenzako ni Mjava, amelelewa akiamini kwamba kumkatalia mtu usoni ni kumvunjia heshima, na mara nyingi "ndiyo" yake ina maana kwamba amekusikia. Angalia kinachofuata baada ya hiyo ndiyo: akitabasamu na kunyamaza, au akisema mtaona baadaye, amekwisha kukataa. Badala ya kumuomba moja kwa moja, muulize juma lake limekaaje, naye atakueleza mwenyewe kama ana nafasi. Utamwona pia akikuonyesha njia kwa kidole gumba, maana kumnyooshea mtu au kitu kidole cha shahada wanaona ni ukosefu wa adabu. Mkono wa kushoto hatakupa kitu nao, na hapo wewe na yeye mmelelewa sawa.

Jibu, kutoka kwa Mkazi wa Izmir

Nakubaliana na waliotangulia, ila nina wasiwasi na jambo moja, nalo ni kumgeuza kila mtu kuwa balozi wa taifa lake. Niliishi na Wakazaki wawili: mmoja aliacha vyombo vichafu kwenye sinki juma zima, na mwenzake hakulala kabla ya kufagia. Hiyo haikuwa desturi ya Kazakistani, ilikuwa tabia ya mtu. Vivyo hivyo, dada, utakutana na watu watakaoomba kupiga picha na wewe barabarani, au watakaokushika nywele bila kukuomba. Wengi wao wanasukumwa na udadisi tu, lakini huna wajibu wa kuuvumilia kwa kisingizio cha utamaduni. Waambie hapana kwa upole, nao huomba radhi.

Ukipata mwaliko wa kwenda nyumbani kwa huyo Mturuki wa chumbani kwenu wakati wa Idi, nenda. Utawaona vijana wakibusu mkono wa babu au bibi kisha wakiugusisha kwenye paji la uso, naye huwapa peremende au fedha kidogo. Wewe uliyekulia kwenye shikamoo utajua la kufanya kabla hujaelekezwa, na wazee wao hupenda sana kuona mgeni akifanya hivyo. Vua viatu mlangoni, na usiende mikono mitupu. Kilo moja ya peremende za kienyeji kutoka duka la jirani inatosha.