Storeji ya pamoja, watu wengi: grupu za kawaida, ACL, au akaunti moja imiliki kila kitu?

bwana_storeji (Kampala)
Salamu wakuu. Tuna seva ya Linux, terabaiti kama 200, faili ni mamilioni, nyingi data za jeni na picha za mikroskopu. Watafiti wanaingia kwa NFS (njia ya Linux ya kufungua faili za seva kwa mtandao), maabara wanatumia Windows kupitia Samba (kazi hiyo hiyo, upande wa Windows). Kilio ni kile kile, mtu anaweka faili, mwenzake wa mradi huo huo akitaka kuibadilisha anagonga ukuta, ananipigia, nafanya chown (kubadilisha mmiliki wa faili), kesho yake tena. Intani wakimaliza wanaondoka, faili zinabaki kwa majina yao. Bosi keshachoka, anasema nipige chmod 777 (kila mtu asome na aandike kila kitu) tulale. Mimi naona njia tatu: grupu na setgid, ACL (orodha ya ruhusa za ziada kwa mtu au grupu fulani), au akaunti moja ya mradi imiliki vyote na skripti ya usiku iwe inarekebisha. Nyie mnatumia ipi?

fundi_gulu
777 hapana ssebo. Kama kuna data za wagonjwa humo, ujue Uganda ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, siku ukiulizwa nani aliweza kusoma nini utajibu "kila mtu"?
Mimi grupu tu, basi. Kila mradi grupu yake, folda ya juu unaipa chmod 2770, ile 2 ya mbele ndiyo setgid, inafanya kila faili mpya ichukue grupu ya folda badala ya grupu ya mtu. Mwenye faili abaki yeye mwenyewe, haina shida, usihangaike na chown. Ukiangalia vizuri, shida yako wala sio umiliki, ni grupu.

nyabo_wa_data
@fundi_gulu umesahau umask kaka, ile namba inayopunguza ruhusa za kila faili mpya. Distro nyingi zinakuja na 022, kwa hiyo faili mpya inapata grupu sahihi kweli lakini grupu inasoma tu, haiandiki, na simu zinarudi pale pale. Utawaambia watafiti wote waweke umask 002? Nusu hawajui hata .bashrc iko wapi.
Hapo ndipo ACL inaponipendeza. Ukiweka ACL ya difolti kwenye folda, umask haiangaliwi tena kwa vitu vipya vinavyozaliwa humo:

setfacl -R -m g:jeni:rwX,d:g:jeni:rwX /data/jeni

r ni kusoma, w kuandika, x kuendesha. X kubwa tafadhali, ndogo itafanya kila faili iwe ya kuendeshwa kama programu. Na ukitaka mgeni mmoja kutoka taasisi nyingine asome folda moja tu, unamwongeza yeye peke yake, huna haja ya kuunda grupu mpya kwa ajili ya mtu mmoja.

mbale_linux
ACL nzuri ila kuna mahali inauma, maski, yaani kikomo cha ruhusa ambazo ACL inaweza kutoa. Programu fulani ikihifadhi faili halafu ikapiga chmod 640 yenyewe, kwenye faili yenye ACL ile tarakimu ya katikati inabadilisha maski, sio haki ya grupu. Ukipiga getfacl (amri ya kuonyesha ACL) unaona hivi:

group:jeni:rwx    #effective:r--

Yaani imeandikwa rwx halafu mtu hawezi kuandika, na wewe umekaa saa nzima unaangalia rwx. Macho yaende kwenye effective kwanza. ls -l haikuonyeshi orodha ya ACL, inaweka alama ya + tu, na pale pa grupu inaonyesha maski.
Pia setfacl ifanyie kwenye seva yenyewe. Kwenye klayenti ya NFS v4 itakataa, kule kuna nfs4_setfacl na ACL za aina nyingine, zina allow na deny, zinafanana zaidi na za Windows.

bwana_storeji
Banange, hiyo effective ndiyo imekuwa ikinitesa, nilidhani ni Samba. Na mv je? Kuna jamaa wanahamisha kutoka folda zao binafsi kwenda za mradi na grupu haibadiliki.

mbale_linux
Kawaida hiyo. mv ndani ya faili-sistemu moja inabadilisha jina tu, faili ile ile inahamia na mwenyewe, grupu na ruhusa zake zote za zamani, sio setgid wala ACL ya difolti inayoiona. cp (kunakili) inaunda faili mpya ndiyo maana inarithi. rsync -a, nayo ya kunakili, inabeba ruhusa za zamani, mimi huongeza --no-p --no-g. Kwa hiyo hata uchague njia ipi, skripti ya usiku utaihitaji tu.

fundi_gulu
Skripti sawa, ila sio chown -R kavu kavu kila usiku. Kwenye mamilioni ya faili hiyo ni kazi ya metadata, diski zinalia, na kila chown inabadilisha ctime (muda wa badiliko la mwisho la faili au taarifa zake) hata kama hujagusa ndani, bakapu inayofuata ctime itaona faili zote mpya na kuanza kuzibeba upya. Gusa zilizoharibika tu:

find /data/jeni ! -group jeni -exec chgrp -h jeni {} +

Na iendeshe kwenye seva yenyewe kama ruti, kwa NFS kila faili ni safari ya mtandao, halafu root_squash (ulinzi wa NFS unaomnyang'anya ruti wa klayenti mamlaka) itakukatalia.

nyabo_wa_data
Hiyo akaunti moja imiliki kila kitu mimi siipendi. Unapoteza jibu la "nani aliweka hii?", na kama kwota zenu ni za kila yuza basi zote zinaangukia akaunti moja. Iache kwa folda za miradi iliyofungwa.
Kuhusu walioondoka, UID yao (namba ya mtumiaji) usimpe mtu mpya, kamwe. Mfumo unajua namba, haujui majina, intani mpya akipewa namba ya zamani anaamka anamiliki data za mtu asiyemjua. find -nouser itakuonyesha yatima wote, kabidhi kwa kiongozi wa mradi.

entebbe_usiku
Nimechelewa, ila mkianza grupu nyingi mkumbuke NFS ya kawaida ya AUTH_SYS (klayenti inatuma namba za mtu na za grupu zake) inabeba grupu 16 tu kwa mtu mmoja. Grupu ya 17 inakatwa kimya kimya, mtu ananyimwa ruhusa na amri ya id inaonyesha yumo. Washa manage-gids kwenye mountd (huduma ya NFS kwenye seva), seva itatafuta grupu yenyewe, bora iwe inawajua watu wote, LDAP (saraka ya watumiaji) au chochote mnachotumia.
Na kufuta faili kunategemea ruhusa ya folda, sio ya faili. Kama intani wanafutiana kazi weka 3770, hiyo ni setgid pamoja na stiki biti, anayeweza kufuta ni mwenye faili au mwenye folda tu (na ruti).

bwana_storeji
Asanteni sana. Naanza na mradi mmoja: grupu, 2770, ACL ya difolti juu yake, chgrp ya usiku, chown nabakiza kwa walioondoka. 3770 kwenye folda ya intani peke yake. Upande wa Samba je, niweke force group (kulazimisha grupu moja) au inherit permissions (kurithi ruhusa za folda)?

mbale_linux
Kama ACL ya difolti ipo, jaribu inherit acls (kurithi ACL za folda) kwanza kabla ya force group. Halafu tengeneza faili moja kutoka Windows, ipigie getfacl, uweke matokeo hapa.