Mrejesho: mzazi mwenzangu anayenishtaki polisi kwa uongo

Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu mzazi mwenzangu, ambaye kila nilipochelewa kumrudisha mtoto, hata kwa nusu saa, alikimbilia kituoni kudai kwamba nimemteka au nimempiga. Nawashukuru mlionisihi nisigombane naye kwa simu.

Nilipoitwa tena Dawati la Jinsia na Watoto, nilikwenda na daftari lenye tarehe na saa za kumchukua na kumrudisha mtoto, pamoja na miamala ya matunzo. Askari wa zamu alilipitia taratibu, akakomea kwenye siku niliyodaiwa kumpiga, ambayo mtoto alishinda kwa bibi yake mzaa mama. Akamuuliza mwenzangu kama anajua kwamba kutoa taarifa za uongo polisi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Hakujibu. Sikutaka ashtakiwe, ingawa ndugu zangu wamenilaumu sana, kwa kuwa ni mama wa mwanangu.

Nimeiomba mahakama ya watoto ratiba rasmi ya kumwona mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii anaandaa taarifa yake. Kwa sasa tunakabidhiana mtoto nyumbani kwa mjumbe wa mtaa, kila Jumamosi saa nne asubuhi.