Naomba ushauri: somo la uhamaji bila kumnyooshea mtoto kidole

Walimu wenzangu wa Jiografia, naombeni ushauri. Ni kidato cha pili, Ilemela (Mwanza), vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Vikundi vya wanafunzi 5, kila kimoja na kadi 12 za sababu za kuhama: maji ya Ziwa Victoria yaliyopanda 2020 na kufunika mialo (sehemu wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki), sangara kupungua, malisho kuisha, ndoa, kazi mjini. Wazipange kwa uzito.

Shida ni kwamba wanarundika kila kitu kwenye mabadiliko ya tabianchi, ilhali Wasukuma waliohamia Rukwa na ng'ombe walifuata pia ardhi. Na ukiuliza "nani kwao wamehama?", watoto wa kambi za wavuvi wananyamaza kabisa. Nitumie familia ya kubuni? Au nianze na wanaobaki, ambao huwa tunawasahau?