Nimechanja, na barakoa sivui. Niacheni!

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuupoza. Asiyependa kelele apite.

Nimechanja chanjo ya corona mwezi wa nane mwaka huu wa 2021, hii ya Johnson ya sindano moja, walipofungua milango kwa kila mwenye miaka 18 na kuendelea. Nilijaza fomu, nikasaini ridhaa, usiku nikapigwa na homa ya kufa mtu, kesho yake jioni nikawa mzima. Cheti ninacho kwenye simu. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi na mtu. Ugomvi ulianza watu walipogundua kwamba pamoja na chanjo, barakoa sijaivua.

Leo asubuhi, daladala ya Gongo la Mboto, tumebanana mpaka mlango haufungi. Ile habari ya kukaa levo siti, abiria wasizidi idadi ya viti, ilishasahaulika zamani. Konda ananitazama: "Anko, corona imeisha, toa hicho kitambaa tukuone sura." Nikanyamaza. Dada aliyekaa dirishani akadakia, "Si aende akachanje kama anaogopa." Nikamwambia nimeshachanja. Gari zima likaangua kicheko. "Haa! Umechanja na bado umejifunga mdomo? Si ndiyo tunayosema kila siku, hizo chanjo ni maji tu!"

Na si huko tu. Kazini ni hivyohivyo, kwa kinyozi hivyohivyo, msibani hivyohivyo. Barakoa yangu imegeuzwa ushahidi kwenye kesi ambayo mimi sikuifungua.

Nani aliwaambia ukichanjwa ugonjwa haukugusi kabisa? Kwenye majaribio ya hii ya Johnson, kinga dhidi ya ugonjwa wa wastani na ule mkali ilikuwa kama asilimia 66, na dhidi ya ule mkali peke yake asilimia 85, ukihesabu kuanzia siku ya 28 baada ya sindano. Tena majaribio yenyewe yalifanyika kabla hiki kirusi cha Delta, aina mpya ya corona, hakijatapakaa. Kwa lugha ya kijiweni: uwezekano wa kulazwa na mtungi wa oksijeni pembeni umepungua sana, ila uwezekano wa kuubeba na kumpelekea mwenzio bado upo. Mwezi wa saba kule Marekani watu walijazana kwenye mji wa Provincetown, Massachusetts, kula raha zao za kiangazi. Wakazi 469 wa jimbo hilo wakapata maambukizi, na karibu robo tatu yao walikuwa wamekamilisha chanjo. Waliolazwa ni watano. Hakufa mtu. Sasa someni yote hayo kwa pamoja, msichague kipande kinachowafurahisha.

Na msidhani naipenda barakoa. Naichukia. Joto la Dar mnalijua, masikio yanachubuka, miwani inaingia ukungu mpaka nikisoma kibao cha daladala gari limeshanipita. Mei mwaka huu nilimwona Rais Biden wa Marekani kwenye runinga, yuko bustanini Ikulu yao hana barakoa, CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, imetangaza aliyekamilisha chanjo anaweza kuvua. Nikasema moyoni, ya Rabi, na sisi tufikie. Tarehe 27 Julai CDC hiyohiyo ikageuka: kwenye maeneo yenye maambukizi mengi, hata waliochanja wavae tena wakiwa ndani ya majengo. Kesho yake, tarehe 28, ndiyo Rais Samia anachanjwa Ikulu hapa Dar kuzindua chanjo yetu. Yaani uhuru wa kuvua ulituishia kabla hatujaupata! Na dozi za kwanza zilizoingia zilikuwa milioni moja na kidogo kwa nchi ya watu karibu milioni 60. Hata tungezigombania zote siku moja, bado uliyebanana naye kwenye siti huenda hajachanja.

Sasa tuje kwa wanaojifanya wanavaa.

Juzijuzi nilimpeleka mama kliniki ya sukari, hospitali moja hapa mjini, jina naliacha. Getini kuna bango: hakuna barakoa, hakuna kuingia. Safi kabisa. Chini ya bango kuna kijana anauza, mia tano moja, kazishika mkononi kama fungu la mchicha, vumbi lote la bajaji linaishia pale. Mteja anachagua, anajaribisha, haijamkaa vizuri, anarudisha, anachukua nyingine. Lakini huyo ana nafuu. Kuna mwanamama alikuwa anatoka kuona mgonjwa, akavua ya kwake, akampitishia mdogo wake kwenye nondo za geti. Mdogo mtu akaivaa ilivyo, na unyevu wake, akaingia wodini. Mlinzi anatazama tu. Hakusema neno, maana kazi aliyopewa ni kuhakikisha kila anayepita ana kitambaa usoni, na kitambaa kilikuwepo.

Ukishapita geti, kwenye mabenchi ya kusubiria, zote zimeshuka kidevuni. Nesi anaita majina, ya kwake inaning'inia sikio moja. Ndoo ya maji tiririka ipo, koki ipo, maji hayapo.

Hao hakuna anayewacheka. Hakuna konda anayemuuliza mtu aliyevaa barakoa ya mwenzake kwa nini ameivaa. Anayeulizwa ni mimi niliyeifunika pua vizuri. Nchi hii ukifanya jambo kwa kumwogopa mlinzi, wewe ni mtu wa kawaida. Lifanye kwa akili yako, utaitwa mwoga, msomi wa gugo, au umelipwa na mabeberu.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonileta hapa ni kingine.

Mama yangu ana miaka sabini na ushee, ana sukari na presha, anaishi kwangu. Hajachanja. Si kwamba haamini ugonjwa upo. Februari tulimzika baba mdogo, tukaambiwa ni "changamoto ya upumuaji", jina la kuikwepa corona, mwezi uleule aliofariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ana corona. Hata kabla serikali haijatuambia tushone za kwetu, mama ndiye aliyetoa cherehani uvunguni akashonea nyumba nzima barakoa za kitenge, tabaka mbili na katikati kipande cha shuka kuukuu. Mpira wa masikioni alitoa kwenye soksi zangu za zamani. Hii niliyoivaa sasa hivi ni ya mkono wake.

Ila sindano hataki. Kuna mama mmoja wa jumuiya anakuja na simu imejaa video: sumaku zinanasa begani, sijui ukichanja una miaka miwili ya kuishi. Nimezijibu moja moja kwa upole, na mama alikuwa ameanza kulegea. Juzi nimerudi kazini nikamkuta barazani anachambua mchele. Nikamwambia, mama, Jumamosi nimeomba ruhusa, twende kituo cha afya. Akaniangalia kidogo.

"Mwanangu, wewe umechanja, na mbele yangu hujawahi kuivua hiyo kitu. Wewe mwenyewe hujaiamini, mimi niiamini vipi?"

Nikamweleza kwamba naivaa kwa ajili yake. Kwamba nashinda nikipumuliana na watu nisiowajua, na kwamba chanjo inanilinda mimi zaidi kuliko inavyomlinda yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi na mimi nitavaa yangu, inatosha." Akaendelea na mchele.

Mnauona mtego wakuu? Nikivua ili aiamini chanjo, naweza kumletea ugonjwa kabla hajakanyaga kituo cha afya. Na hata akikubali leo, kinga haijengeki siku hiyohiyo. Nisipovua, kila jioni nikikaa naye sebuleni nathibitisha maneno ya yule mama wa jumuiya, ambaye nasikia sasa amenifanya mfano kwa majirani: "Muulizeni kijana wa pale, kachanja na bado anajifunika." Halafu mnacheka kwenye daladala, mnaona ni utani. Kicheko chenu kinafika kwangu kabla yangu.

Kwa hiyo naomba wenye wazazi wagumu waliokuja kukubali, mliwaambia nini? Sitaki nadharia, nataka maneno yenyewe mliyotumia. Mama anamheshimu sana padri wake ila naye hilo suala hajaligusa madhabahuni, na mimi siwezi kumlazimisha. Pia kama kuna mtu wa afya humu, je, wapo wanaowafuata wazee majumbani? Mama miguu inavimba, foleni haiwezi.

Anayetaka kutukana atukane. Anayekuja na video ya sumaku au swali la konda, sitamjibu.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Mkuu uliyeshauri nivumilie njiani halafu nikifika nyumbani nivue, nyumbani ndiko aliko mama. Uliyesema nimwonyeshe picha ya Rais akichomwa, nilishamwonyesha, akasema Rais ana madaktari wake. Dada uliyesema wa kwako alikubali baada ya kuongea na daktari wake wa kliniki na si na watoto, hilo sikuwa nimelijaribu. Kliniki yake ni Alhamisi, nitaomba daktari amwambie mwenyewe, mimi nitakaa nje.