Naomba ushauri: rangi za seli kwenye jedwali la akiba ya dawa

Ndugu zangu, natunza jedwali la akiba ya dawa za zahanati katika Excel, na nimeweka kanuni ya =$D2<$E2 ili mstari mzima ugeuke mwekundu pale idadi iliyobaki inaposhuka chini ya kiwango cha kuagiza, vinginevyo ubaki wa kijani. Kwenye skrini inapendeza. Shida ni kwamba mganga mfawidhi husoma nakala iliyochapishwa kwa wino mweusi, ambamo rangi zote mbili hutoka kijivu kinachofanana, na mwenzetu mmoja hazitofautishi kabisa. Je, nitumie aikoni, herufi nzito, au safu ya pembeni yenye neno AGIZA? Mimi naegemea neno, lakini nahofia ukurasa utajaa. Naomba mwongozo kwa aliyewahi kuandaa jedwali la namna hii.